Ndevu za Mche Jike

Miche minne ya bangi ndiyo ambayo sheria ya Kanada huiruhusu nyumba moja, na Verna Gillis alikuwa nayo minne kamili, nyuma ya nyumba yake huko kisiwani Cape Breton, kandokando ya nyanya. Miaka thelathini ya kupasua samaki kiwandani ilikuwa imemkunja vidole, na mafuta aliyoyachemsha kwa maua ya mmea ule ndiyo pekee yaliyomwezesha kufunga vifungo vya blauzi. Tofauti na nyanya, ambayo ua lake moja ni dume na jike, bangi huwa na mche dume na mche jike, na maua hayo hutoka kwa jike. Dume likiachwa lipasuke, chavua yake huyapata majike, nayo hujaa mbegu badala ya dawa.

Hayo Verna aliyajua. Shida ilikuwa mdogo wake, Lorne, aliyejua zaidi.

Tangu kupanda, Lorne alikuwa amezichambua mbegu mezani, akadai za mviringo ni majike na zilizochongoka ni madume. Verna akamwambia mbegu haina uso. Miche ilipofika kiunoni akasema mirefu ndiyo madume, kama ilivyo kwa watu. Verna akamkumbusha kwamba yeye Lorne anamfikia dada yake begani. Hakusikia. Ana rafiki kazini, alisema, amelima miaka ishirini.

Katikati ya Julai Verna alilala Sydney, mji wa kisiwa hichohicho, usiku mmoja, kwenda kuonana na daktari wa viungo. Alimwachia Lorne kazi moja: kumwagilia. Aliporudi adhuhuri, mvua ikinyunya, alikuta mashimo mawili na Lorne amekaa ngazini, ametulia kama mtu aliyetenda wema.

"Nimekuondolea madume," alisema. "Yale marefu. Tena yalishaota ndevu."

Verna alikwenda kwenye lundo la mboji, akaipata miche yake miwili imelala juu ya maganda ya viazi, mizizi bado na udongo. Akatoa lenzi mfukoni, akatazama pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Vinywele viwili vyeupe, vimechanua kama pembe za konokono. Kila kifundo, viwili viwili.

"Hizi ndizo ndevu?"

"Mwenye ndevu ni mwanamume, dada."

"Shangazi Effie alikuwa na ndevu, Lorne, na alizaa watoto tisa."

Akageukia miwili iliyobaki. Mmoja ulikuwa na vinywele vilevile. Mwingine, mfupi mnene, Lorne alikuwa ameufunga utepe mwekundu. Vifundoni ulining'iniza vipumba vya kijani, vifuko vya chavua, kama vishada vya zabibu changa.

"Huyo ndiye mama yao," Lorne alisema. "Tazama mayai."

Verna akaenda jikoni, akarudi na mkasi na mfuko wa takataka, akaufunika mche ule wa utepe kabla kipumba hata kimoja hakijapasuka, akaukata chini kabisa. Lorne alipofungua mdomo, dada yake alimnyooshea mkasi, naye akaufunga.

Wakairudisha ile miwili iliyong'olewa ardhini wote wawili, Lorne akichimba, Verna akishikilia mashina kwa vidole vilivyouma hadi kwenye kiwiko. Mmoja ulikufa siku ya tatu. Wa pili ulilegea wiki nzima, majani yamelala kama nguo mbichi, halafu asubuhi moja ukanyanyua kichwa.

Jumapili iliyofuata Lorne alikuja na mkate wa asali nyeusi ya miwa, hakutaja bangi. Verna alimpa lenzi, akamsimamisha bustanini, akamtaka asome kila kifundo kwa sauti. Alisoma. Jike. Jike. Jike. Alipomaliza aligeukia safu ya pembeni.

"Na hizi nyanya, dada," aliuliza, "dume lao ni lipi?"

Verna aliuchukua mkate, akaingia ndani, akafunga mlango.