Madoa ya Shati la Mpishi

Dobi hakuwa mtu wa kupekua mifuko ya mumewe. Apekue ya nini, na mashati yenyewe yanasema? Miaka ishirini na sita ya kufua nguo za watu ilimfundisha kusoma doa kama wengine wanavyosoma barua.

La Jumatatu lilikuwa la manjano, likageuka jekundu lilipoguswa na sabuni: binzari. La Jumatano, kahawia, likatoka kwa maji baridi: mchuzi wa soya. La Ijumaa, mafuta ya pilipili, yamerukia kola. Na mumewe ni mpishi wa bwalo la kiwanda, ambako watu hula viazi na kabichi mwaka mzima!

"Unakula wapi siku hizi?" alimuuliza.

"Nile wapi, mama watoto? Hapahapa. Supu yako leo tamu ajabu."

Tamu! Supu yenyewe alikuwa amesahau kuitia chumvi, hata paka aliinusa akaenda zake.

"Huyo ana mtu," alisema dada yake Dobi. "Tena mtu anayejua kupika!"

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumatatu akafunga kibanda chake cha kufulia mapema, akatia leso nyeupe na kipande cha sabuni kwenye mkoba, akashika njia. Mtaa wa Wahindi alikula dengu za bei ya chee, akajidondoshea kwenye leso, akapaka sabuni. Wekundu ukaja hafifu. Wa shati la mumewe ulikolea. Akahamia mkahawa wa pili. Jumatano akazunguka kwa Wachina, sahani baada ya sahani ya tambi, akichungulia kila mwanamke aliyeshika mwiko.

"Mama, umetumwa na bwana afya?" muuzaji mmoja alimuuliza.

"Mimi ni dobi."

"Dobi gani anachafua leso?"

Ijumaa, kwenye kijimkahawa cha Wakorea, leso ikashika mafuta yaleyale ya kwenye kola. Akasukuma pazia la chumba cha ndani.

Mumewe alikuwa peke yake. Mbele yake bakuli jekundu kama tofali. Jasho linamchuruzika, naye anakula bila hata kukunja uso. Pembeni, daftari tupu.

Dobi akavuta kiti. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo anayekupikia."

Mpishi akaweka kijiko. "Sionji kitu, mama watoto. Tangu ile homa iliyonilaza. Chumvi, sukari, ndimu, vyote kwangu maji. Nazunguka nikitafuta kitakachouamsha ulimi. Hiki kinaniunguza tu. Kiwandani wakijua, sina kazi."

Dobi akamkagua uso kama anavyokagua kola kabla ya kupiga pasi. Uongo hakuuona.

"Na supu yangu tamu?"

"Naila kwa kukumbuka."

Dobi akalivuta bakuli, akaonja, machozi yakamtoka kwa ukali. "Chumvi imezidi. Tangawizi ipo. Nyuma yake kuna utamu, kama wa tunda."

Mpishi akafumba macho. "Ndimu?"

"Kwa mbali."

Akachukua daftari. "Sema polepole."

"Kesho utaandika vizuri. Kabla hujapakua nitapita mlango wa nyuma wa bwalo na furushi la ovaroli. Uwe na kijiko, nikuonjee." Akamkazia macho. "Na usinisifie tena supu."