Kivuli Kilichokuja kwa Miguu

Madlena Krawcec aliyamwagia maua yake ya astilbe maji yaliyopoa ya kuchemshia viazi, akaona kwamba majani yamebabuka tena pembeni. Astilbe hutaka unyevu na kivuli, ndipo itoe mashuke mepesi kama manyoya. Mashina haya aliyapanda marehemu mumewe, Jurij, chini ya mwaloni wao katika kijiji cha Wolsina. Sasa Wolsina ilikuwa shimo, kwa kuwa chini yake palikuwa na makaa ya mawe, na wakazi walikuwa wamejengewa nyumba kwenye uwanda usio na mti hata mmoja.

“Yatakufa hayo,” alisema Pawol, ndugu wa Jurij, akiwa ameegemea uzio. “Panda vitunguu, shemeji. Vitunguu angalau utavila.”

“Yakifa haya, nitakuwa nimemzika ndugu yako mara mbili.”



Kwa desturi yao, bwana wa nyumba akifariki, mtu hutoka kuwaarifu nyuki na miti, wasije wakafa kwa kutojua. Siku ya kuhama, wengine wakihangaika na makabati, Madlena aliugonga mwaloni kwa kiganja, akauambia wanakokwenda na njia ya kufikia. Kisha ulikatwa.

Kivuli chake kiliwasili siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Kilivuka shamba la viazisukari polepole, kama ilivyo ada ya mti mzee, kikajilaza bustanini. Juu yake hapakuwa na kitu ila anga. Pengo la tawi lililovunjwa na radi lilionekana mahali pake.

“Umechelewa,” Madlena alikiambia.

“Usikigombeze,” alisema Pawol. “Kimekuja kwa miguu.”

Mwezi wa Julai astilbe zilichanua, nyeupe na za waridi. Afisa wa mgodi alikuja, akavua kofia, akakaa kivulini, akakiri kwamba pana ubaridi.

“Lakini mama, mwaloni ule tuliununua.”

“Mlinunua kuni, bwana. Kivuli hamkukiulizia.”

Afisa alimaliza maziwa ya mgando aliyokaribishwa, akaaga.

Jumapili iliyofuata Pawol alisimama kwenye ukingo wa shimo, kofia mkononi, akiuelekeza mjozi wake, mti wa jozi aliouacha Wolsina, kwa sauti kuu: nyumba ya tatu, mlango wa kijani, usiingie kwa jirani. Wengine walimfuata. Baadhi ya vivuli vilikuja. Vingine, vya miti iliyokatwa siku nyingi, havikuja, na wenyewe waliendelea kuketi juani.

Majira ya kuchipua yalipofika, Madlena aliyachimbua mashina, akayakata kwa jembe, kila kipande na chipukizi lake, akawagawia waliopata kivuli. Waliokosa aliwaruhusu waketi kwake.

Mtambo wa kuchimba haukusimama. Uligeuza shingo yake kuelekea kijiji cha pili, kilichokuwa kimekwisha kuandikiwa amri ya kuhama. Jioni, upepo ukivuma kutoka upande ule, ilisikika sauti ya viganja vikigonga magome ya miti.

Madlena alijaza udongo katika vyungu vyote alivyokuwa navyo. Alijua kwamba watu wale watafika na vivuli vyao, nao hawatakuwa na kitu cha kupanda chini yake.