Mita Moja Kuzunguka Boila

Nilimwambia shemeji yangu Bakiri: mita moja. Nilichora kwa chaki mstari wa ukuta wa mbao kwenye sakafu ya chumba chao cha chini ya ardhi, kuzunguka boila lote la makaa la kuchemshia maji, na dirisha dogo la chumba nikaliacha upande wake lipate hewa. Mimi ni fundi. Nilitoka Tanga na msumeno wangu, sikuja Johannesburg kufundishwa kupima.

"Eish, Sele, mita nzima unampa boila? Kwani analala?" Bakiri alicheka. Alitaka vitanda viwili vienee: cha mkewe, dada yangu Mwanaharusi, aliyekaribia kujifungua, na cha Shangazi Fauzia aliyekuja kumhudumia. Baridi ya Julai hapa Bellevue inaingia mifupani, na chumba kile cha boila ndicho pekee chenye joto nyumba nzima.

Nikalegea. Nilisogeza ukuta wa mbao mpaka shubiri moja tu kutoka kwenye chuma, dirisha likaangukia upande wa vitanda. Boila nikalitobolea matundu sita ukutani livute hewa. Nikasema yasizibwe. Kwamba makaa yakikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu, sikusema, kwa kiburi changu cha ufundi.

Siku ya kumi ya uzazi nilipeleka samaki. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikaona kanga zimesokomezwa kwenye matundu yote. Nilipotaka kuingia, Shangazi akasimama mlangoni.

"Mwanaume unafuata nini kwa mzazi? Arobaini haijaisha. Unataka apigwe na baridi?"

Nikaona haya, nikageuka. Haya! Ningemsukuma yule mama. Ningepiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nilijiambia nitampigia Bakiri simu jioni, na jioni ikapita nikiranda mbao za watu.

Asubuhi yake baridi ilizidi, Bakiri akalijaza boila makaa mpaka juu. Shangazi akapanda jikoni kumwogesha mtoto na kumkanda. Aliporudi na uji wa mzazi, chumba kilikuwa na joto zuri, hakuna moshi wala harufu, na dada yangu hakuamka.

Leo mtoto ametimiza arobaini. Wamemnyoa, wamemtoa nje, Shangazi amenipa nimbebe na hakunitazama usoni. Mimi pia sikumtazama.

Jana niliurudisha ukuta kwenye chaki yangu. Pamebaki nafasi ya kitanda kimoja. Kingemtosha dada yangu.