Beseni Juu ya Kipimo

Mimi Verediana nina mdomo, mtaa mzima unajua, kwa hiyo nitasema mwenyewe kabla Gasper hajawasimulia kwa chumvi zake. Kosa lilikuwa langu.

Nyumba yangu iko nyuma ya uzio wa uwanja wa ndege, hapa Kigoma. Marehemu mume wangu alipoijenga, ndege ilikuwa moja ndogo, inakuja ikijisikia, na sisi tunatoka nje kuipungia mkono. Siku hizi zinakuja kubwa. Zikishuka bati linatetemeka, vyombo vinagongana kabatini, na mnaoongea mnanyamaza mpaka ipite. Mimi nilizoea, ila mjukuu wangu Erica hakuzoea. Alikuwa na miaka miwili. Akilala mchana ndege ikapita, anashtuka, analia mpaka sauti inamkauka. Nesi akasema mtoto huyu anahitaji usingizi. Basi binti yangu Winfrida akafungasha nguo, akaenda naye Simbo kwa mdogo wangu Restituta.

"Ni kwa muda tu, Mama," aliniambia. "Kukitulia tunarudi."

Nikabaki napika ugali wa watu watatu na kula peke yangu. Shuka alilolalia Erica nilikataa kulifua. Jirani akinicheka namwambia, wewe fua la kwako.

Ndipo mradi ukaja. Nyumba zenye kelele kupita kiwango zingewekewa madirisha ya vioo viwili na dari nene, bure. Gasper, mwenyekiti wetu wa mtaa, akaniletea mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana anaitwa Noel, mwenye adabu zake. Akanipa shikamoo, akasimamisha uani kipimo cha kelele. Kilikuwa na miguu mitatu na fimbo ndefu, na juu kabisa sponji jeusi la ukubwa wa chungwa. Kingekaa siku saba.

"Ishi kama siku zote, Mama," alisema. "Ila ukiangalie, ni kitu cha bei."

Heri asingeniambia hivyo. Mimi nimezaliwa Mwamgongo, na kule wasafiri wa mashua huacha mizigo yao kwenye nyumba za ufukweni, wakairudie hata baada ya wiki. Mtu akikuachia kitu, hata wavu mbovu, ni amana. Hakinyeshewi mvua kwako huku unatazama. Na huo ulikuwa mwezi wa Machi, mvua inakuja mchana, saa zile zile za ndege. Kila nikiona wingu limeinuka upande wa ziwa, natoka na beseni kubwa la kufulia, nakifunika kipimo, juu yake natupia blanketi, nafunga na kamba. Siku nyingine mvua inakatika nasahau kufunua mpaka jioni. Nilijiona mtu wa maana kweli.

Majibu yalisomwa ofisi ya mtaa. Jeremia wa kulia kwangu, yumo. Skolastika wa kushoto, yumo. Mimi simo.

"Nyumba ya Mama Verediana," Noel alisema huku akigeuza karatasi, "ndiyo tulivu kuliko zote mtaani. Hata mimi sielewi."

Watu wakacheka. Nikasimama, nikamwambia hizo karatasi zake zimelala, aje kwangu saa saba mchana na masikio yake mwenyewe. Akaningoja nimalize, kisha akauliza taratibu kama kuna kitu nilikifanyia kile kipimo. Nikamweleza beseni. Nikamweleza blanketi. Gasper alicheka mpaka akatoka nje. Noel hakucheka, alishika kichwa.

"Kimetengenezwa kwa ajili ya mvua, Mama. Nilipaswa kukwambia."

Lakini orodha ilikuwa imeshafungwa. Awamu ya pili ni mwakani, akasema, na atahakikisha nyumba yangu inapimwa upya. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi majuto yalibaki, mjukuu ndiye aliyeondoka.

Mwaka mzima nilikuwa naenda Simbo Jumapili baada ya misa, na dagaa wangu kwenye kikapu. Mwanzoni Erica alinikimbilia mpaka barabarani. Baadaye akawa ananingoja mlangoni. Baadaye tena Restituta ndiye wa kumsukuma kidogo mgongoni: "Haya, msalimie bibi." Restituta hana kosa. Hakujaliwa mtoto, na huyo amemlea vizuri, ananenepa, analala. Lakini nikimwona amembeba mgongoni kwa kanga nilikuwa naumia, nasema ukweli, na safari nyingine nilirudi bila kumaliza chai yake.

Machi ikarudi, na Noel akarudi. Mvua ilipokipiga kile kipimo nilisimama mlangoni, mikono nimeibana kwapani isije ikafanya mambo yake. Na mimi niliyezilaani ndege miaka yote, wiki ile nilikuwa naziombea zisichelewe. Siku moja ndege ilichelewa kwa saa mbili, nikakosa hata hamu ya kula.

Safari hii nikapita. Mafundi walikuja mwezi wa saba, na Jumamosi iliyofuata Winfrida akamleta mtoto. Nilikuwa nimepika samaki wa ziwani, migebuka, kwa mawese, na shuka nimelifua. Erica akala, akasinzia, nikamlaza kitandani kwangu. Saa saba na robo ndege ikaja. Niliiona ikipita nyuma ya kioo, mlio wake kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili. Mtoto hakufungua hata jicho.

Winfrida akanishika mkono. "Tutarudi, Mama," akasema. Tukalia pale pale, kimya kimya tusimwamshe.

Alipoamka mwenyewe alikaa kitandani, akaangalia dari, akaangalia dirisha, akaniangalia mimi.

"Nataka kwenda kwa Bibi."

"Bibi ni mimi, mama yangu. Niko hapa."

Akatikisa kichwa, kwa upole tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Siyo wewe. Bibi wa nyumbani."

Nikapiga magoti, nikamvalisha viatu.