Simu ya Makopo

Mwalimu wa sayansi wa darasa la nne aliwatoa watoto nje mapema, jua likiwa bado si kali. Kila wawili walikuwa na makopo mawili ya maziwa yaliyotobolewa chini na kuunganishwa kwa uzi. Uwanja ukawa kelele tupu, kila mtoto anataka kusema, hakuna wa kusikiliza.

"Ukazeni uzi, ukilegea sauti inapotelea njiani," aliwaambia. "Sasa uguseni kwa kidole mwenzenu akisema."

"Unatetemeka, mwalimu!"

"Ndiyo sauti hiyo inapita."

Akawa anajaribu simu moja baada ya nyingine. Karibu na ukuta, msichana mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, mwalimu akampokea kopo na kuliweka sikioni. Upande wa pili, mgongo ukiwa huku, alisimama binti wa shoga yake mwalimu, aliyefundisha darasa la pili.

"Usimwambie mtu," kopo likanong'ona. "Mwalimu wetu anaondolewa. Mama alimwendea mwalimu mkuu, akamwambia hatufundishwi, tunachezeshwa tu. Mama ndiye atakayechukua darasa letu."

Shoga huyo huyo jana alikaa na mwalimu kutoboa makopo, akimsifu kwamba ana kipaji.

Mtoto akageuka. Alipoona nani ameshika kopo, akaficha kopo lake mgongoni.

"Simu yako nzima, mwanangu," mwalimu alisema. "Endeleeni."

Ofisini alimkuta shoga yake anamimina chai.

"Vipi, dada, makopo yamesikika?"

"Yamesikika. Binti yako ana sauti safi."

Birika likabaki hewani. "Mwalimu mkuu aliniuliza tu, dada. Ningemdanganya?"

"Alikuuliza, au ulimwendea?"

Shoga akaanza kukoroga chai ambayo hajaitia sukari.

Wiki iliyofuata mwalimu alihamishiwa stoo kugawa vitabu. Darasa la nne halikutoka nje tena. Walinakili kutoka ubaoni mpaka vidole vikawauma. Siku moja yule binti alitumwa stoo kuchukua chaki. Akasimama mlangoni, anazungusha mguu.

"Mwalimu, tutatoka tena lini kucheza?"

"Kamuulize mama yako."

Uso ukamshuka mtoto. Akachukua chaki, akaondoka bila kuaga. Mwalimu alijua amemwonea, na jina la mtoto lilikuwa limeshamfika ulimini. Hakumwita.