Kuku wa Mhakiki

Mwaka wa hamsini na saba tamasha la vijana lilifanyika kwenye ghala la mpunga karibu na soko la Ifakara, na mhakiki akaletwa kutoka Morogoro. Bwana Fulgensi: soksi ndefu hadi magotini, na sauti ya mtu asiyesikilizwa nyumbani kwake. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watoto wa watu kasoro zao mbele ya wazazi wao, na kwa kazi hiyo alilishwa vizuri.

Jumamosi alivipitia vikundi vyote kwa majaribio, mashindano yenyewe yakiwa Jumapili. Mimi nilikuwa benchi la mbele; penye watu sikosi. Vijana wa Sanje waliimba shairi la kunawa mikono, wamesimama kama vigingi vya mbuzi. Bwana Fulgensi alifumba macho mwanzo hadi mwisho. Alipofumbua akasema, "Hapa pana nidhamu." Jirani yangu akaninong'oneza kwamba mwalimu wa Sanje alionekana asubuhi nyuma ya nyumba ya wageni alikofikia mhakiki, jogoo kwapani. Habari hiyo nilikuwa nayo tangu chai.

Wakaja vijana wa Katindiuka na igizo la mvuvi aliyeuawa na kiboko. Wendelin alilala mkekani akawa maiti, na Digna, binti wa miaka kumi na mitano, akawa mjane. Igizo alilitunga Digna, na shida yake tuliijua sote: kikundi kitakachoshinda kingepanda lori kwenda Morogoro kuigiza mbele ya watu wa jimbo zima, na yeye hajavuka hata Sanje.

"Wewe mjane," Bwana Fulgensi akasema bila kumtazama, "unalia kama anayemenya vitunguu. Umewahi kufiwa?"

"Nimefiwa na baba, mwalimu."

"Basi hukumpenda. Kesho lia kilio chenyewe, au usipande hapa."

Wazazi wakacheka kwa adabu, maana waliambiwa huo ndio uhakiki. Mtaani kwetu ukimwambia yatima maneno hayo, na wewe si mtani wake, unaondoka na jino lako mkononi.

Jumapili baada ya misa ghala lilifurika. Bwana Fulgensi alikuja na kapu lake la safari, akalisukuma chini ya kiti, kwani lori lingeondoka mara tu mshindi akitajwa. Digna akapiga magoti kando ya Wendelin, akaweka mikono kichwani, akalia. Alilia kile kilio kirefu cha Katindiuka, kinachomwita marehemu kwa jina, kisha kinamuuliza nani sasa ataamia ndege shambani wasile mpunga.

Sasa, kilio kwetu hakiulizwi, huitikiwa. Wanawake wa sokoni wakakisikia, wakaacha ndizi na samaki wao, wakaja mbio wakilia, khanga viunoni. Waliokuwa ndani nao wakashindwa kujizuia. Kila mmoja akamkumbuka wake. Mabenchi yakapinduka. Wendelin akainuka kuangalia kuna nini, na wale waliotoka sokoni, walipoona maiti imeketi, wakarudi walikotoka kwa mbio zile zile.

Kulipotulia, Bwana Fulgensi alikuwa amesimama juu ya kiti. "Umezidisha," akasema. "Sanaa ina kiasi."

"Jana nilimenya vitunguu, mwalimu," Digna akamjibu. "Leo nimemenya nini?"

Mama Balbina, muuza ndizi, akapenya hadi mbele, machozi bado mashavuni. "Nani kaanzisha kilio bila maiti? Hapa hilo hulipiwa kuku."

"Nimelia mimi, mama. Aliyenituma ni huyu."

"Haya, bwana mkubwa. Kuku."

"Mimi ni mhakiki. Nitoe wapi kuku?"

Kapu likatikisika chini ya kiti. Mama Balbina akainama, akamvuta jogoo kwa miguu, akaondoka naye.

Mhakiki akatangaza Sanje. Hata jasho hakufuta. Lori likaondoka na wale vigingi wakiimba kunawa mikono, na Digna akabaki kando ya barabara hadi vumbi lilipotua.

Jogoo alipikwa uani kwangu, nyumba ikajaa. Firigisi, ambayo kwetu ni ya baba mwenye nyumba, Mama Balbina aliiweka kwenye sahani ya Digna.

"Onja, utuambie."

Digna akatafuna taratibu, macho yake yakiwa bado barabarani.

"Chumvi haijakolea," akasema.

Tukaongeza chumvi.