Mkono wa Aristides

Mume wangu Aristides alikuwa na kituko kimoja kilichochekesha Uru nzima: kila akikata kona na baiskeli, alinyoosha mkono. Hata kwenye njia ya migombani, ambako nyuma yake hakuna mtu ila kuku. Mkono wote, tangu begani. Vijana wakamwita Trafiki. Mimi mwenyewe nilimwuliza, baba Priska, unamwonyesha nani? Akasema tangu serikali itoe ruhusa kila mtu alete gari lake kutoka nje, barabarani wamejaa watu waliojifunza kuendesha jana.

Mwaka tisini na tatu, siku ya soko, alishuka Moshi na mikungu ya ndizi. Pale anapokata kulia kuingia sokoni, pikapu ikamgonga. Akafa palepale. Nilizika bila kulia. Watu wakasema Kornelia ana moyo wa jiwe. Waseme. Nilikuwa nimekufa ganzi, hata uji wa moto sikuusikia mdomoni.

Kilichoniuma, kama kipo, ni maneno. Dereva, kijana anaitwa Eliona, alisema kote kwamba Aristides alikata ghafla bila kuonyesha mkono. Na watu wakakubali, haohao waliomwita Trafiki! Yaani binti yangu Priska akue akiambiwa baba yake alijiua kwa uzembe. Thubutu.

Baada ya matanga Eliona akaja na wazee wa ukoo wake, ameshika jani la isale. Kwetu jani hilo likiletwa, aliyekosewa hana njia: anapokea, anasamehe. Mzee wao akaeleza vizuri sana, ajali ni ajali, marehemu naye hakuonyesha mkono, basi yaishe. Shemeji zangu wakatikisa vichwa kukubali. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikwisha kuchujwa.

Mikono yangu ikabaki ndani ya kanga. Shemeji mkubwa akaninong'oneza kuwa naaibisha ukoo, isale halikataliwi. Nikamjibu kuwa sijakataa. Isale ni la kuomba msamaha, na huyu bado hajasema amekosa nini.

Nikamgeukia Eliona. Sikumwonea huruma, wala sikumchukia. Nilimtazama tu, kama mtu anayengoja maji yachemke.

"Alionyesha," akasema mwishowe. Mzee wake akamshika goti, yeye akauondoa ule mkono. "Mama, alinyoosha mkono tangu mbali. Nilimwona. Nilidhani nitampita kabla hajakata."

Nikawauliza shemeji zangu, mmoja mmoja, kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Nikamwita Priska kutoka jikoni, nikamwambia Eliona arudie mbele yake. Akarudia, huku analia.

Ndipo nikatoa mkono wa kulia, nikaunyoosha wote, tangu begani, nikapokea isale. Nilidhani sasa machozi yatakuja. Hayakuja. Nikaenda kuwagawia mbege.